Orodha, Jembe na Dawati

Kila mara watu wanapoingia Kabambare, kusini mwa Maniema nchini Kongo, kutoka upande wa Fizi au Tanganyika, godoro kichwani na mtoto mgongoni, maneno yaleyale hurudi sokoni hadi Kasongo mjini. Yamezoeleka mno hata hakuna anayeyapima tena.

"Wakimbizi wana mashirika yao." Kambi ipi hiyo? Kusini mwa Maniema aliyehama hulala zaidi katika jamaa za mapokezi: chumba kimoja, sufuria moja ya sombe. Orodha ya msaada ikiandika majina ya waliohama peke yao, mama aliyewapisha kitanda hubaki mlangoni akitazama magunia yakipita. Mwezi unaofuata ananuna, nasi tunasema wageni wameleta chuki.

"Wanatuletea vita." Wamekimbia bunduki. Anayekuja kupigana habebi bibi yake kilomita mia.

"Watachukua mashamba." Hofu hii siwezi kuicheka, kwa sababu ina mzizi. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni ya Serikali, na kuhusu ardhi za kimila ikaahidi amri ya Rais itakayozipanga. Amri hiyo ilingojwa kwa miongo bila kutoka. Kwa hiyo aliyehama huenda kwa shefu, hutoa chochote kama heshima, hupewa kichaka, hufyeka. Mpunga ukikubali vizuri, anatokea mpwa wa mwenye ardhi akiuliza nani amekuruhusu. Tiba yake ni mapatano kabla ya jembe kugusa udongo: shefu, ukoo wenye shamba, mgeni mwenyewe, na shahidi kutoka msikitini au parokiani. Yasemwe kwa sauti ni misimu mingapi na mimea gani. Mpunga, mahindi na karanga havina ubishi. Muhogo ujadiliwe, maana unakaa ardhini mwaka na zaidi. Mchikichi hapana: kwetu kupanda mti ni kudai ardhi, na mgeni asiyeambiwa hilo mapema ataingia kesini bila kujua kosa lake. Mapatano ya namna hii hayahitaji mradi. Yanahitaji karatasi moja na watu wanne kivulini.

"Si wenyeji, kamati zetu haziwahusu." Kwanza, waliotoka Fizi ni raia, na kifungu cha 30 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kuchagua makao nchini. Pili, kamati ndizo zinazoamua maisha yao ya kila siku. Eneo la afya lina CODESA yake, yaani kamati ya maendeleo ya afya, na shule ina COPA yake, kamati ya wazazi. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini mtoto ambaye bulteni yake ya alama iliungua pamoja na shule atawekwa darasa gani? Mzazi wake akiwa nje ya COPA, swali hilo haliulizwi. Upande wa afya ni vilevile. Kasongo ilijulikana duniani kwa habari ya surua: mwaka 1981 timu ya mradi wa afya wa hapa, uliofanya kazi na Chuo cha Tiba za Kitropiki cha Antwerp, ilichapisha utafiti wake wa chanjo katika jarida la The Lancet. Lakini chanjo humfikia mtoto ambaye reko, mjumbe wa afya wa jamii, anajua nyumba anayolala. Aliyehama aliyemo katika CODESA huzijua nyumba hizo zote. Badala ya kuwaingiza humo, kila mradi unaofika huunda kamati mpya, huigawia fulana, kisha kamati inakufa siku ofisi inapofungwa.

"Kasongo ni ya wenyewe." Wenyewe gani? Hata Kiswahili tunachokizungumza kilikuja kwa miguu, kwa njia ya misafara kutoka pwani kupitia Ujiji na Kabambare. Kilikuja na biashara chafu ya pembe na watumwa, kweli, lakini mji wa Kasongo wa karne ya 19 ulijazwa na watu waliotoka kwingine. Na wetu nao walikwenda, wengine wakiwa wamefungwa kamba, wengine kwa hiari. Wajukuu wao wapo Ujiji, wapo Buyenzi mjini Bujumbura. Dar es Salaam, ukifika Kariakoo, uliza Msikiti wa Manyema, wenye jina letu la Maniema, utaonyeshwa.