Macho, Masikio na Ngoma ya Isukuti

Siku ya mafahali kupigana huko Shinyalu au Khayega, karibu na mji wa Kakamega, watu huamka kabla ya mapambazuko. Fahali hasindikizwi kimya kimya. Huenda naye wapigaji wa isukuti, na kila boma wanalolipita huongeza watu wawili watatu katika msafara. Aliyetoka kwa nia ya kutazama tu hujikuta anaitikia wimbo, naye hufika uwanjani jasho limekwisha kumtoka.

Isukuti ni mchezo wa Waisukha na Waidakho, miongoni mwa Abaluhya. Jina limetokana na ngoma zenyewe, ambazo ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo, pamoja nazo hupulizwa pembe ya swala na kutikiswa njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, na wanaume na wanawake hucheza, kila kundi katika safu yake. Huchezwa azaliwapo mtoto, penye jando, penye harusi na hata penye matanga. Kitabu cha kujifunzia hakuna. Kijana hukaa karibu na mzee, akitazama viganja vyake na kusikiliza jinsi ngoma ndogo inavyoijibu kubwa, mpaka siku ile mzee achokapo na kumkabidhi ngoma.

Kisha ikaja redio. Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, kwanza kwa ajili ya Wazungu, na lugha za Waafrika zilifuata baadaye. Si haki kuilaumu. Mkulima aliyeshinda shambani hupumzika akisikiliza habari na nyimbo huku anapukuchua mahindi, tena hupata maarifa ya mbegu na mbolea ambayo isukuti haiwezi kumpa. Hiyo ndiyo fadhila ya redio: yataka sikio tu, na mikono huiacha huru. Lakini aisikiaye isukuti redioni huujua wimbo. Mapigo hayajui, kwa kuwa hakuiona mikono ya mpigaji.

Simu za siku hizi huionyesha mikono pia, na mtu angedhani kwamba dawa imepatikana. Kumbe harusini vijana huinua simu zao ili kuupiga picha mchezo, na mwenye simu mkononi hawezi kukabidhiwa ngoma.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotajwa ni kwamba wachezaji wengi ni wazee wasio na warithi, fedha za kutengenezea ala na mavazi ni haba, na mara nyingi watazamaji hupendelea burudani za kisasa. Fedha zaweza kutafutwa; hiyo sababu ya mwisho ni vigumu zaidi kuitibu.

Ziko shule zinazofundisha isukuti kwa ajili ya mashindano ya muziki, na wanafunzi huicheza vizuri, dakika chache jukwaani mbele ya waamuzi. Isukuti ya harusi huweza kujifunzwa hivyo. Ile ya matanga haina jukwaa wala mwamuzi, na wazee waijuao wanazidi kupungua.