Neti Hufia Pangani

Wasee, juzi nilikuwa na intavyuu ya kazi kwa video, nikiwa ndani ya mat kutoka Githurai. Najua, ningekaa nyumbani, lakini huko stima zilikuwa zimepotea. Hadi Roysambu mambo yalikuwa sawa. Kufika Pangani, sura ya boss ikaganda. Neti iliporudi, alikuwa ameshakata.

Kinachoudhi, simu ilionyesha 4G imejaa. Sasa elewa: hiyo inamaanisha tu kwamba simu inausikia mnara vizuri. Nafasi ya data mnagawana na kila mtu aliye hapo karibu. Na ukiwa unasonga, mnara mmoja lazima ukukabidhi kwa mwingine, vile konda hukuuza kwa mat ingine njiani. Ukiuzwa kwa iliyojaa, unabaki steji.

Saa mbili asubuhi pale Thika Road tuko maelfu tunauzwa hivyo. Kampuni zinajua, hiyo jam si siri. Lakini matangazo ni kasi, kasi, kasi, ya mtu amekaa kwa kochi.

Mimi kasi sitaki sana. Nataka nisikatwe. Mamlaka ya Mawasiliano hupima ubora wa huduma. Basi itutolee matokeo ya kila barabara, asubuhi na jioni, tujue laini ya kununua. Na bando ya saa moja ikipotezewa dakika 20, zirudishwe. Yangu iliisha tukiwa Ngara, bado natafuta maneno ya kumwomba yule boss msamaha.