Msisingizie wadukuzi, paswadi ni yenu

Wasee, tuache hizi stori. Julai 2023 eCitizen ilipokwama, waziri Owalo alisema data haikuibiwa, seva zilimwagiwa maombi feki mpaka zikalemewa. Sawa, hiyo ni vita. Lakini hapa Mabanga nimeona sistimu ya chama, databesi iko wazi kwa intaneti nzima, poti 3306, yuza ni root, paswadi ni jina la chama. Hapo mdukuzi wa nini?

Kumwambia fundi, ananiuliza, "Si wewe uliacha kampasi?" Niliacha, ndio. Na mwaka wa 2017 maelfu ya databesi za MongoDB zilifutwa, wenyewe wakaachiwa ujumbe walipe Bitcoin. Nyingi hazikuwa hata na paswadi. Sijui kama walioziweka walikuwa na digrii.

Buda, funga hiyo poti. Programu ipe yuza wake, asiyeweza kufuta jedwali. Bakapu weka mashine ingine, na ujaribu kuirudisha kabla ya siku ya shida.

Mle ndani kuna namba za vitambulisho na akiba za akina mama wa soko. Wao hawajui poti ni nini. Wewe unajua, na walikulipa.