Hesabu ya gunia ianze kwa watoto

Familia ya watu sita inayopika kilo mbili za unga kwa siku humaliza gunia la kilo 100 kwa siku 50. Kwa mwaka ni magunia saba na ushee. Hesabu hiyo iko ndani ya uwezo wa mtoto wa darasa la tano huko Jorodom, Hanang, ila nani amewahi kumpa aipige?

Wilayani Hanang na Mbulu, mahindi na maharage huvunwa kwa wingi, kisha debe baada ya debe huishia mnadani msimu bei iko chini. Njaa ikibisha hodi, familia hurudi kununua kwa bei ya kuruka. Watoto hushuhudia yote hayo bila kushirikishwa, kana kwamba ghala ni siri ya wakubwa.

Mtoto apewe elfu tano na orodha ya gulioni. Alinganishe bei ya dagaa na ya maharage, aulize bei mara mbili, arudi na chenji. Ajifunze kuloweka maharage ya makande usiku, kuni zisiteketee bure. Na wavulana pia, si mabinti peke yao.

Hesabu hiyo iendelee shuleni. Tangu 2016 elimu ya shule za umma ni bila ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita, lakini chakula cha mchana shuleni bado hutegemea michango ya wazazi. Walimu waweke hesabu ya michango hiyo ubaoni, na wanafunzi wenyewe wapige hesabu itatosha hadi lini.