Mwenye nyumba ya wageni hakumfukuza majeruhi



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya kituo kimoja cha kulelea watoto. Siku moja tuliitwa kikao cha dharura. Mvulana wa miaka 12 alikutwa nyuma ya jiko akivuta gundi ya viatu kwenye chupa ya maji. Kanuni za kituo zilisema wazi kwamba atakayekutwa na kilevi ataondoka. Tulijadili kwa nusu saa, nami nikanyosha mkono pamoja na wenzangu. Jioni ile mtoto alikabidhiwa begi lake.

Wiki mbili baadaye nilimkuta stendi, chupa mkononi. Hakunikimbia. Aliniamkia, "Shikamoo, Padre." Salamu ile inaniuma hadi leo.

Tulisema tunawalinda watoto wengine. Lakini mtoto yule hakujifunza gundi kituoni. Aliijua mtaani, alikoivuta ili asisikie njaa na baridi ya usiku. Sisi tulimrudisha kulekule alikoumia, tukaita nidhamu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, tunamsifu sana Msamaria mwema, naye anastahili. Ila yupo mtu tunayemsahau: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria aliondoka kesho yake. Yeye ndiye aliyebaki na majeruhi, akamuuguza. Makao ya watoto ndiyo nyumba ile. Anayepokelewa humo huja na majeraha yake, na mengine hunuka gundi, sigara au bangi.

Sisemi tufumbe macho. Kilevi kichukuliwe, na mtoto ajue kwamba kosa ni kosa. Lakini kuna namna. Aliyevuta gundi asikimbizwe wala kupigwa. Mvuke wake huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mshtuko au mbio vikamwua papo hapo. Apelekwe penye hewa, akae na mtu mzima aliyetulia, na akizidiwa afikishwe hospitali. Mazungumzo yangoje kesho, akili ikiwa imerudi. Hapo aulizwe anavuta lini, na nani, na nini kilitangulia. Mara nyingi jibu ni usiku wa majonzi, au ndugu aliyeahidi kuja kumtembelea asitokee.

Kisha afisa ustawi wa jamii aarifiwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika uamuzi unaomhusu. Kama mtoto anawauzia au kuwalazimisha wadogo, atengwe nao, na ikibidi ahamishiwe mahali panapomfaa kwa kupitia ofisi hiyo. Kuhamishwa kwenda penye uangalizi si sawa na kutupwa nje ya geti.

Ukali wetu tuuelekeze kwa watu wazima. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini ni wangapi kati yetu huwatuma watoto dukani wakatuletee? Mlezi anayevuta uani atamkanya nani? Bwana wetu alisema maneno mazito juu ya anayemkwaza mdogo mmoja, akataja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Hakuwa akimsema mtoto.

Sasa nakugeukia wewe, msomaji. Wakati wa Kwaresima na Noeli tunapeleka kituoni mchele, sabuni na nguo, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Ni vema. Lakini Msamaria aliacha dinari mbili, tena akaahidi kurudi kulipa gharama itakayozidi. Mlezi mmoja mwenye watoto 30 hawezi kukesha na anayetetemeka kwa kukosa kilevi chake. Jumuiya yako ndogondogo ikiulize kituo cha jirani: mnaye mshauri nasaha? Nauli ya kumpeleka mtoto kliniki mnayo? Kanuni yenu inasema nini akikutwa na chupa? Changeni kwa ajili ya hayo. Na mkikuta kanuni kama ile niliyoinyoshea mkono, ombeni ibadilishwe.

Yule mvulana nilirudi kumtafuta. Sikumkuta. Namwombea kila Misa, lakini najua sala hiyo ingepaswa kutanguliwa na mkono ulioshushwa chini siku ile ya kikao.