Kalamu Nyekundu Katika Mji wa Mvita

Ijumaa moja ya mwaka jana, baada ya vipindi vya asubuhi, rafiki zangu watatu nami tulifunga safari kwenda Mombasa kwa mapumziko ya mwisho wa juma. Mmoja wao ni mwalimu wa lugha kama mimi, wa pili ni mhandisi wa barabara, na wa tatu ni mhariri wa vitabu vya shule. Wote wanne tumezaliwa bara. Kitovu changu kimezikwa Kishanda, huko Muleba katika mkoa wa Kagera, ambako mtoto hulia kwa Kihaya na kukutana na Kiswahili mlangoni mwa shule. Safari hiyo yaitwa ya ng'ambo, maana tulivuka mpaka Horohoro na tukagongewa mihuri Lunga Lunga; lakini ni ng'ambo ya ajabu ile ambayo mtu hugongewa muhuri ili akasikilize lugha ile ile aliyotoka nayo nyumbani.

Sikusudii kusimulia safari. Wanaokwenda Mombasa ni wengi, na kila mmoja hurudi na picha zake. Nashika kalamu kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa na mmoja wetu siku ya Jumamosi, na kwa sababu ya watu waliomfundisha kuisema, ambao mimi ni mmoja wao.

Asubuhi ya siku hiyo tuliingia Ngome ya Yesu. Kijana aliyetuongoza alijua kazi yake. Alitueleza kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliani aitwaye Cairati. Kuwa Waomani waliizingira tangu mwaka 1696 wakaitwaa mwaka 1698. Kuwa Waingereza waliigeuza gereza, nayo ikabaki gereza hadi mwaka 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Yote ni kweli, na yote yahusu wageni waliogombania mji. Nilimwuliza habari za Muyaka bin Haji, aliyetunga mashairi katika mji huo wakati Mazrui walipokuwa wakiutawala kutoka katika ngome hiyo hiyo. Akatabasamu kwa adabu, akasema kuwa watalii hawamwulizi. Sikuwa na haki ya kumlaumu. Rafiki zangu wawili kati ya watatu walilijua jina la Muyaka kama mtu alijuavyo jibu la mtihani alioufanya zamani.

Kutoka ngomeni tulishuka katika vichochoro vya Mji wa Kale, tukapita milango ya nakshi na mnara mweupe wa msikiti wa Mandhry, hata tukafika penye baraza moja ambapo mzee alikuwa ameketi karibu na muuza kahawa. Alipotuona tunasitasita, alisema: "Ndooni muketi, wanangu, ndia haikimbii." Tukaketi. Tulipewa kahawa chungu katika vikombe vidogo, na kashata pembeni. (Kwetu Muleba kahawa yalimwa, lakini mgeni hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa azitafune, mara ya kwanza nilipoona watu wakinywa kahawa kwa kikombe kidogo namna ile nilidhani wanakunywa dawa.) Mzee alizungumza nasi kwa muda mrefu juu ya samaki, juu ya kivuko cha Likoni, juu ya vijana wanaohama mji. Hata tulipoinuka kuondoka, mhariri aliniinamia, akasema kwa sauti ambayo hakuipima vizuri: "Daktari, kumbe huku kwenyewe Kiswahili kimeharibika namna hii?"

Mzee alisikia. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Nyinyi, wanangu, mumekisoma wapi?" Mhariri akataja shule yake na chuo chake, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. Mzee akasema: "Ah. Sisi hapa hakisomwi, chanyonywa." Kisha akaagiza tuongezewe kahawa, akakataa tusilipe.

Njia nzima ya kurudi hotelini sikusema neno, nao walidhani nimechoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimkumbuka mwanafunzi mmoja, msichana wa Mombasa aliyekuja kusoma katika chuo nifundishacho. Katika insha yake aliandika kuwa bibi yake alipoisikia habari ile aliteka sana. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika lugha hii, nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari chini ya neno, na pembeni nikaandika: "Aliteka nini? Maji?" Nikapunguza alama mbili. Nilijiona mcheshi. Nilijua vizuri, kama kila aliyesoma lahaja ajuavyo, kuwa kuteka kwa Kimvita ni kucheka. Lakini nilikuwa nimevaa joho la msahihishaji, na joho hilo lina desturi ya kuziba masikio.

Na kosa hili lina uchungu zaidi kwa sababu ya jambo ambalo nathubutu kulitaja waziwazi mbele ya walimu wenzangu. Siku ya Jumatatu twafundisha mashairi ya Muyaka, twamsifu, twawaambia wanafunzi wayakariri. Siku ya Jumanne twasahihisha insha na kukata kwa wino mwekundu lugha ile ile aliyoitungia. Twamfundisha Abdilatif Abdalla, aliyeandika Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, kitabu kilichochapwa mwaka 1973 na Kimvita chake ndani. Lakini msichana aliyezaliwa katika mji wa mshairi huyo akiandika kama bibi yake asemavyo, twamwambia hajui Kiswahili. Heshima tunayoupa usemi huo twaupa ukiwa umechapwa katika diwani. Ukija darasani na mdomo wake mwenyewe twaufukuza.

Tulipokuwa njiani kurudi, Jumapili, nililitoa jambo hili garini, na mhariri alijitetea kwa hoja ambayo si dhaifu. Alisema: "Bila ya Kiswahili sanifu, wewe wa Kishanda na yule mzee wa Mvita mngeelewana vipi? Na mimi nihariri kitabu kimoja kwa mara ngapi?" Nakubali sehemu kubwa ya maneno hayo. Mkate wangu nauokota katika Kiswahili sanifu. Kama kisingalikuwapo, labda ningalikuwa nalima kahawa, na sijui kama ningaliilima vizuri. Lakini hoja hiyo yathibitisha kuwa kipimo kimoja chafaa kwa kazi fulani. Haithibitishi kuwa kisicholingana na kipimo kimeharibika. Ratili ya dukani ni kitu chema, wala hatusemi kuwa embe lisilotimia ratili si embe.

Tena yafaa tukumbuke kipimo hicho kilivyopatikana. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana, na mahali walipokutana palikuwa Mombasa yenyewe, wakaamua kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu utakuwa Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ambayo miaka yake ya mwanzo haikuwa na viti vya wenye lugha. Kabla ya hapo mabishano yalikuwa makubwa. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyochapwa mwaka 1882 ilijengwa juu ya usemi wa Mvita. Steere naye alikuwa Unguja, na kitabu chake cha mwaka 1870 kilifuata usemi wa huko. Kila misheni ilivutia upande wake. Kiunguja kilishinda, na kilikuwa na sababu za kushinda: ndicho kilichokwenda bara na misafara, hata Tabora na Ujiji, hata mkoani kwetu, maana wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, katika Karagwe, kabla Speke hajafika huko mwaka 1861. Walichagua usemi uliokwisha kutembea mbali. Hapana ubaya. Ubaya umeingia baadaye, pale watoto wa waliochaguliwa, na sisi tuliopokea uchaguzi huo kwa njia ya ubao na chaki, tulipoanza kuudhani kuwa hukumu ya usahihi.

Mtu wa Mvita husema mato pale nisemapo macho, mtele pale nisemapo mchele, ndia pale nisemapo njia, ndoo pale nisemapo njoo. Mwenye masikio ataona kuwa mambo haya hayakutapakaa ovyo. Katika maneno mengi ch ya Unguja hujibiwa na t ya Mvita, na nj hujibiwa na nd, kwa utaratibu ambao mtoto wa miaka minne huushika bila ya mwalimu. Zaidi ya hayo, Mvita wanazo t mbili, moja ya menoni na moja ya nyuma ya meno, na wanajua kutenga kwa pumzi tu paa la nyumba na paa wa mwituni. Herufi tulizofundishwa shuleni hazina mahali pa kuandika tofauti hizo. Basi katika jambo hili maskini ni nani? Ni yule mwenye sauti isiyoandikika, au ni sisi ambao maandishi yetu hayawezi kuibeba?

Huenda mtu akasema kuwa Mhaya hana haki ya kuwatetea wenyeji wa pwani. Mimi naona kinyume. Kwetu kuna Kiziba upande wa kaskazini, kuna Kihamba, kuna Kinyaihangiro upande wa kusini; watu hutaniana sana juu ya matamshi, lakini sijapata kumsikia mzee akisema kuwa Kiziba ni Kinyaihangiro kilichoharibika. Utani ule una usawa ndani yake. Na nilipokuwa shuleni nalichekwa kwa lafudhi yangu ya Kihaya, hata nikakaa nusu ya muhula bila ya kunyosha kidole. Aliyechekwa akawa mchekaji mara tu alipopewa kalamu. Hiyo ndiyo habari yangu kwa ufupi, na siwezi kuisimulia kwa namna itakayonipendeza.

Wako waliotangulia kutuonyesha adabu nyingine. Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa na Mathias Mnyampala, Mgogo wa bara, waliandika pamoja Historia ya Kiswahili. Kitabu kilipotoka mwaka 1977 wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Mtu wa Mvita na mtu wa Ugogo walikaa meza moja, na yule wa bara hakwenda pale kusahihisha.

Ninachowadai wenzangu si kingi. Katika insha ya kubuni, neno la lahaja lililotumiwa kwa maana yake lisipunguziwe alama. Msahihishaji asiyelijua na aulize kabla ya kuchora mstari. Wanafunzi wetu wa fasihi na wapelekwe Mvita, Lamu, Pemba na Mtang'ata, si kwa picha za ngome bali kwa kuketi barazani na kunyamaza. Na wahariri wa vitabu vya shule, rafiki yangu akiwa wa kwanza, waache desturi ya kugeuza mazungumzo ya mvuvi wa Mombasa hata yakafanana na tangazo la serikali. Alinijibu kuwa atafikiri. Tulikuwa tumefika Segera, na mhandisi alikuwa amelala.

Yule msichana alikwisha kuhitimu. Juma lile lile niliwaandikia wanaotunza matokeo, nikaeleza kuwa nilipunguza alama mbili bila ya haki, nikauliza kama zaweza kurudishwa. Walinijibu kuwa fomu ya marekebisho ina nafasi ya makosa ya hesabu tu, na kwamba nitaje ni hesabu ipi niliyokosea. Fomu bado iko mezani kwangu.