Msitunge sheria ya kelele

Kuna imani iliyoota mizizi kuanzia Maai Mahiu hadi Naivasha kwamba pikipiki ya stima inaua kwa sababu haisikiki. Mama akiponea chupuchupu akivuka barabara, ukimya unalaumiwa. Mtoto akiangushwa karibu na lango la shule, hakuna anayeuliza pikipiki ilikuwa na kasi gani, taa ya mbele ilikuwa inawaka au la, wala mtoto alipewa nafasi gani ya kuvukia. Jibu lipo tayari: hizi nduthi mpya hazina sauti. Kutoka hapo watu wanarukia sheria. Zilazimishwe kutoa mlio, zifukuzwe sokoni, zipewe masharti yao peke yao.

Naipinga imani hii kwa nguvu zangu zote, na si kwa sababu ya mapenzi ya pikipiki za stima. Naipinga kwa kuwa inatufanya tumkamate asiyehusika huku mhusika akiendelea na safari yake.

Simama kando ya lami pale senta ya Longonot saa kumi na mbili asubuhi. Matrela yaliyotoka Mombasa yakielekea Malaba yanapita hapo kwa sababu mizigo mizito hutumia njia hii ya chini. Trela moja likibadilisha gia likiwa na kontena mgongoni, humsikii hata mwenzako anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa tazama nyuma ya trela hilo. Pikipiki ya petroli inachomoka upande wa kushoto, inateremka nje ya lami na kukata vumbi pale pale wanapopita wanafunzi, wafanyakazi wa mashamba ya maua na punda wenye mikokoteni ya maji. Injini yake inanguruma, ndiyo, lakini ngurumo hiyo imemezwa na trela na upepo wa bonde. Mwanafunzi anashtukia usukani ubavuni. Ukinionyesha jinsi mlio ulivyomsaidia mtoto huyo nitanyamaza.

Tena tumesahau upesi. Bodaboda ilianza kwa baiskeli huko mpakani Busia, na kwa miongo mingi baiskeli zilibeba abiria katikati ya masoko bila injini ya kunguruma. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, barabara zikafurika injini za petroli zinazosikika kutoka mtaa wa pili. Kama kelele ni kinga, basi huo ndio ungekuwa mwanzo wa usalama wetu. Kilichotokea tunakijua sote. Hospitali zilijaa waliovunjika miguu na kupasuka vichwa, hadi wananchi wakaanza kuita baadhi ya wodi kwa jina la bodaboda. Mwaka 2024, kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wanaotembea kwa miguu. Mwaka huo pikipiki na magari ya stima yalikuwa sehemu ndogo mno ya vyombo vilivyokuwa barabarani. Hao waliokufa wakitembea waligongwa, karibu wote, na vyombo vinavyopiga kelele.

Na wale wanaoteremka eskapimenti kuja Maai Mahiu wakiwa wameweka free ili kuokoa mafuta? Hiyo ni pikipiki ya petroli iliyo karibu kimya kabisa, kwenye mteremko mkali, yenye breki zinazozidi kupata moto na bila injini kuizuia. Jambo hilo limefanyika mbele ya macho yetu miaka yote, na sijasikia kikao hata kimoja kikidai sheria juu yake. Baadhi ya pikipiki za stima, kinyume chake, hutumia mota kupunguza kasi kwenye mteremko na kurudisha chaji kidogo kwenye betri. Chombo kipya kimehukumiwa kwa kosa ambalo la zamani lilisamehewa.

Wanaotaka mlio wa lazima husema nchi zilizoendelea tayari zimefanya hivyo. Tusome basi walichofanya. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2016 kwamba magari ya umeme yatoe sauti yakiwa chini ya takriban kilomita 30 kwa saa. Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha aina mpya za magari ya umeme mwaka 2019, kwa mwendo wa hadi kilomita 20 kwa saa. Kwa nini mipaka hiyo ya chini? Kwa sababu gari likishavuka mwendo huo, sauti ya matairi juu ya lami na ya upepo ndiyo inayosikika zaidi, iwe lina injini ya mafuta au mota. Na kanuni zote mbili zililenga magari; pikipiki hazikuwekwa humo. Anayetaka kuleta kanuni hizo Longonot kama dawa ya ajali za barabara kuu, ambako vyombo vinapita kwa kilomita 80 na 90, hajazisoma.

Lakini ndani ya kanuni hizo kuna haki ambayo siwezi kuipuuza. Zilidaiwa kwa sehemu kubwa na watu wasioona, ambao masikio yao ndiyo macho yao. Mtu asiyeona akipita sokoni na fimbo yake, pikipiki ya stima inayojipenyeza polepole kati ya magunia ya viazi ni tishio la kweli kwake. Akisema anataka sauti kwenye mwendo huo mdogo, asikilizwe, tena asikilizwe kabla ya sisi tunaoona. Ila tuwe wakweli pia kwamba tishio lake la kwanza ni pikipiki yoyote kupita mahali palipotengewa miguu. Steji iliyosogezwa mbali na mdomo wa soko itamsaidia leo, bila kungoja kifaa cha kutoa mlio.

Kuna upande mwingine wa ukimya ambao hausemwi kamwe. Mwendeshaji naye ana masikio. Juu ya pikipiki ya stima anasikia mtoto akipiga kelele, anasikia honi ya lori linalomjia nyuma, anasikia abiria akimwambia apunguze mwendo. Juu ya injini ya petroli iliyochomolewa sailensa hasikii lolote kati ya hayo.

Kinachoua, kwanza, ni kasi. Sheria ya Trafiki imeweka kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na masoko, na Longonot ni soko. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na gari hupanda karibu mara nne na nusu kasi ikitoka 50 kwenda 65. Tofauti hiyo ya kilomita 15 ni ndogo sana kwa dereva anayewahi Naivasha, na ni kila kitu kwa anayevuka akiwa na mtungi wa maji.

Pili ni kichwa kisicho na kofia. Tangu marekebisho ya mwaka 2012, Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na rifleketa, na abiria awe mmoja tu. Nenda steji yoyote ukaangalie hiyo helmeti ya abiria. Mara nyingi imetundikwa kwenye usukani au kioo cha pembeni, kamba yake ya kidevuni imekatika na kufungwa fundo, sponji ya ndani imekauka kwa jasho la watu wasiojuana. Abiria anaitazama, anaikataa, na mwendeshaji hamlazimishi kwa sababu mteja atahamia pikipiki inayofuata. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi yameonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna mlio wa aina yoyote utakaofanya kazi hiyo. Kama kampuni za pikipiki za stima zinataka tuziamini, zianzie hapo: helmeti mbili nzuri kwa kila pikipiki inayouzwa au kukopeshwa, na vitambaa safi vya kuvaa ndani yake.

Kuna uongo mwingine unaotembea sambamba na ule wa ukimya, nao ni kwamba pikipiki ya stima haina sheria. Vijana wameambiwa na wauzaji kwamba chombo hiki ni kama baiskeli tu, hakihitaji leseni wala bima. Huo ni udanganyifu. Sheria ya Trafiki inakitambua kama chombo cha moto kila chombo kinachosukumwa kwa mitambo, na haiulizi nguvu ya mitambo hiyo imetoka kwenye tangi la petroli au kwenye betri iliyochajiwa kwa mvuke wa Olkaria. Pikipiki ya stima inahitaji usajili, bima na dereva mwenye leseni ya daraja A kama nyingine zote. Anayebeba abiria anahitaji leseni ya kubebea abiria.

Penye pengo ni mahali pamoja, na hapo nawaunga mkono wanaotaka sheria mpya. Daraja la A1 la vipikipiki vidogo linapimwa kwa ukubwa wa injini, sisi (cc) 50. Mota ya umeme haina sisi. Je, baiskeli yenye pedali na mota ndogo ni baiskeli au ni pikipiki? Ulaya waliligawa jambo hili kwa vipimo vinavyoeleweka: mota isiyozidi wati 250, inayomsaidia anayekanyaga pedali na kuacha kusukuma kwenye kilomita 25 kwa saa, hiyo ni baiskeli. Tukiandika vipimo vya namna hiyo, muuzaji hatakuwa na pa kujificha. Na mafunzo ya leseni yazingatie tabia ya mota: inavuta kwa nguvu mara tu unaposokota mkono, bila klachi na bila kungoja. Mtu aliyezoea petroli anaweza kurushwa mbele akiwa bado anajipanga kuondoka.

Pengo la betri linanitia hofu zaidi. Pale ambapo mwendeshaji anabadilisha betri kwenye kituo cha kampuni, betri inakaguliwa na kuchajiwa na watu wenye kazi hiyo. Lakini pikipiki zitazeeka, betri zitauzwa mkono wa pili, na mafundi watazifungua na kuchanganya seli mbovu na nzima. Halafu zitachajiwa usiku, ndani ya chumba kimoja cha ploti kule Karagita, kwenye waya uliounganishwa kienyeji, watoto wamelala hatua mbili kutoka hapo. Jiji la New York lilipitia njia hii. Mwaka 2023 moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 huko, sehemu kubwa ya moto huo ikitoka kwenye baiskeli na skuta za umeme. Jiji likapiga marufuku uuzaji wa betri zisizopimwa, na mwaka uliofuata waliokufa walikuwa 6. Sheria hiyo ilishika kitu kinachoua kweli. Hapa kwetu shirika la viwango KEBS, kaunti na wenye ploti wanaweza kukaa meza moja sasa, kabla ya moto wa kwanza, wakaamua ni betri ipi inaruhusiwa kuuzwa na ni wapi inachajiwa usiku.

Kwa nini basi imani ya ukimya inapendwa hivi? Kwa sababu haimgharimu mkubwa yeyote shilingi moja. Anayebebeshwa mzigo ni kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo, anayelipa kila siku kabla hajanunua unga. Taa za barabarani, kinyume chake, zina mwenyewe: Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti taa za barabarani na usimamizi wa trafiki na maegesho, kwa hiyo sehemu za steji zinaulizwa kaunti ya Nakuru. Barabara kuu ni ya KeNHA. Leseni ni za NTSA. Mwendo wa kilomita 50 ni wa polisi wa trafiki, ambao hawakosekani barabarani siku za kukagua karatasi za nduthi. Kila kinachoua kina ofisi yake, na kila ofisi inapumua vizuri raia wakigombana juu ya kelele.

Wakati wa kuziuliza ofisi hizo ni sasa. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na mkondo wa Rironi, Maai Mahiu na Naivasha umo ndani yake. Barabara pana itavuta kasi kubwa kupitia katikati ya Longonot. Hoja zetu kwenye baraza la chifu na mbele ya MCA ziwe daraja la kuvukia kwa miguu kati ya soko na steji, njia ya pembeni ya pikipiki, baiskeli na mikokoteni ya punda, matuta kabla ya senta pande zote mbili, na taa. Lami ikishamwagwa na mkandarasi kuondoka, kupata daraja hilo kutachukua miaka na mazishi mengi.